Bibi Shamba na Bustani Iliyokataa Kufa

Tarehe thelathini mwezi huu, saa ya kufunga ofisi, Bibi Shamba wetu atarudisha ufunguo wa chumba namba nne na kwenda nyumbani akiwa mstaafu. Ametumikia shirika hili kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia kabla jengo letu halijaongezwa ghorofa, kabla Mkurugenzi wa sasa hajamaliza shule, na kabla neno "uendelevu" halijaanza kuandikwa kwenye kila ukurasa wa kila andiko la mradi.

Mhariri wa jarida la wafanyakazi aliniomba niandike wasifu huu kwa kuwa meza yangu na ya Bibi Shamba zimetazamana miaka mingi. Aliniagiza nieleze kazi zake, mafanikio yake, na "sababu zilizofanya miradi yake ifanikiwe." Mambo mawili ya kwanza nayamudu. Hilo la tatu limenitoa jasho wiki nzima. Nilipomwendea mwenyewe anisaidie, alicheka akaniambia, "Mdogo wangu, ukiipata hiyo sababu, nipigie simu hata kama nimeshastaafu. Nitakuja mbio."

Basi msomaji anivumilie. Naandika nikiwa nimechanganyikiwa, na bahati nzuri ni kwamba anayeandikwa naye amechanganyikiwa vilevile.

Alianza kazi akiwa bibi shamba wa kawaida, msichana mwembamba aliyepewa baiskeli ya kiume na buti za mpira za mtu mwenye miguu mikubwa kuliko yake. Siku ya kwanza kufundisha upandikizaji wa miche, alisimama kwenye tope mbele ya wakulima, akainua mguu, buti likabaki. Hakutaka kuonekana mgeni wa kazi. Akaendelea na somo mguu mmoja ukiwa peku, uso mkavu kabisa, kana kwamba ndivyo alivyofunzwa chuoni. Wiki iliyofuata aliwakuta wazee wawili wakipandikiza, kila mmoja na buti moja tu. Mpaka leo hajui kama walikuwa wanamtania au walikuwa wamelielewa somo. Anachojua ni kwamba miche yao ilishika yote.

Alipanda vyeo taratibu: msimamizi wa vikundi, mratibu wa miradi, hatimaye mkuu wa tathmini. Jina la Bibi Shamba halikumtoka hata alipopewa kiti cha kuzunguka na kiyoyozi kisichofanya kazi. Ndiye aliyesimama kidete mpaka jina la mke likaandikwa pamoja na la mume kwenye mikataba ya viwanja vya mradi. Ndiye aliyewafundisha watu kuotesha miche kwenye mifuko ya unga iliyotumika, wakati sisi tulikuwa bado tunaandika barua ya kuomba vyungu vya plastiki. Na ndiye pekee katika historia ya ofisi hii aliyewahi kumwambia mkufunzi wa semina, saa nane mchana, baada ya chakula, kwamba watu wamelala na anyamaze ili walale vizuri.

Lakini ukimuuliza mfanyakazi yeyote hapa habari ya Bibi Shamba, hatakuambia hayo. Atakuambia habari ya bustani mbili.

Zilikuwa kwenye mlima mmoja, zikinywa maji ya kijito kimoja. Moja ilikuwa kijiji cha juu, karibu na barabara kuu. Nyingine kijiji cha chini, ng'ambo ya daraja la mbao. Mfadhili alikuwa mmoja, fedha zilikuwa sawa, na pampu zilitoka kwenye kasha moja. Kijiji cha juu ndiko alikoolewa dada yake mkubwa, na wanakijiji wakamchagua huyo dada kuwa mwenyekiti wa kikundi. Bibi Shamba hakupenda. Alijua maneno yatakayosemwa. Wao wakashikilia kuwa wamempigia kura mtu wao, si ndugu wa mtu.

Kijiji cha juu kilifanya kila kitu kama kilivyoandikwa. Mikutano ilihudhuriwa. Katiba ya kikundi ilisomwa kwa sauti na kupigiwa makofi. Nusu ya kamati ilikuwa wanawake. Shamba lilikuwa la wote, likalimwa na wote, na mazao yakauzwa kwa pamoja. Kibao chake kilipakwa rangi nzuri kiasi kwamba watu walikuwa wakisimama kupiga picha hata kabla hawajaiona kabichi yenyewe. Kila mgeni aliyekuja ofisini tulimpeleka huko.

Kijiji cha chini hakikufanya sawasawa hata jambo moja. Mbegu zilifika msimu umeshapita. Pampu ilifika bila mpira wa kuvutia maji. Mwenyekiti na katibu walikuwa hawasemeshani. Walikaa benchi moja na kutumiana ujumbe kupitia kwa mweka hazina aliyekaa katikati yao. Kisha mvua ikabeba daraja, na kwa karibu misimu miwili gari letu halikuweza kuvuka. Dereva wetu alikuwa akifika ukingoni, anageuza gari na kusema, "Hawa ndugu zetu tumeshawazika. Turudini." Nasi tukarudi, na kwenye taarifa tukaandika kuwa bustani ile "inakabiliwa na changamoto."

Ilipofika mwaka wa tatu, bustani ya juu ilikuwa imekufa. Wakati huohuo tukasikia sokoni kwamba vitunguu vinavyosifiwa vinatoka kijiji cha chini.

Taarifa hiyo iliifikia ofisi wakati mbaya. Mfadhili alikuwa anafikiria awamu ya pili, vijiji ishirini, na alitaka kwanza aelezwe ni mambo gani yanayofanya mradi wa kilimo wa jamii ufanikiwe au ushindwe. Mikataba ya zaidi ya nusu yetu ilitegemea awamu hiyo. Mkurugenzi akamwita Bibi Shamba, nami nikiwepo, akamwambia kwa upole wa mtu aliyekosa usingizi, "Mama, tuandikie sababu tano tu. Hata nne."

"Niende nikawaulize kwanza," akajibu.

Tulikwenda watatu, yeye, mimi na dereva. Daraja lilikuwa limeshatengenezwa. Tulianzia kijiji cha juu, na tulipofika kwenye bustani tukakuta magugu yamefika kifuani. Pampu ilikuwa ghalani, safi, na kuku alikuwa ametagia juu yake. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na mbuzi wake alituona tumesimama pale kama watu walioibiwa, akavua kofia.

"Poleni sana," akasema. "Tumesikia mradi wenu umekufa."

"Tumeshapoa," Bibi Shamba akajibu, kwa mazoea. Mzee akaenda zake. Bibi Shamba akabaki amesimama, akanigeukia taratibu. "Umesikia? Ametupa pole. Mradi wa kijiji chao, sisi ndio wafiwa."

Nikadhani basi jibu tumelipata, turudi. Yeye akasema bado, lazima amwone dada yake.

Walikuwa hawajazungumza tangu bustani ilipoanza kuyumba. Dada alitukaribisha viti nje, akatupa maji ya kunywa, akakaa upande akichambua maharage bila kututazama. Bibi Shamba alimwita dada, akamuuliza bustani imepatwa na nini.

"Unatafuta nini kwangu, mdogo wangu? Si mlikuwa mnaandika kila kitu?"

"Dada, naomba uniambie wewe."

Mikono ya dada ikasimama. "Nilikuwa mwenyekiti wa mboga za wageni. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya. Kila palizi ikifika, mgeni naye anafika. Tunaimba, tunapigwa picha, tunamtembeza kwenye matuta asichafue viatu. Mahindi yangu yakamezwa na magugu. Watoto wangu wamekula kwa shemeji yangu mwaka mzima. Halafu bustani ikafa, na watu wakasema nimeila mimi, kwa kuwa mdogo wangu yuko ofisini."

"Mbona hukuniambia?"

"Kila ulipokuja ulikuja na wageni. Ningekuambia saa ngapi?"

Bibi Shamba aliinuka. Aliaga kwa adabu, akaingia kwenye gari, akaomba vioo vipandishwe, na kutoka pale mpaka darajani alilia. Dereva, ambaye ana utani kwa kila jambo, siku ile alishika usukani kwa mikono miwili, akakwepa kila shimo.

Kijiji cha chini kilitupokea bila wimbo. Watu walikuwa na kazi. Bustani ilikuwa kijani, lakini kijani cha vipande vipande: hapa vitunguu, pale kabichi, pembeni nyanya za mtu mmoja zimesimamishwa kwenye miti iliyonyooka, na za jirani yake zimelala chini. Bibi Shamba akaelewa mara moja. Mkataba ulisema shamba ni la wote na lilimwe kwa pamoja. Wao walikuwa wameligawa vipande, kila nyumba na chake, na hawakuwa wamemwomba mtu ruhusa.

Aliwauliza viongozi kwa nini bustani yao imesimama.

"Ni uongozi bora," akasema mwenyekiti.

"Ni kwa sababu hatumsikilizi mwenyekiti," akasema katibu, akiitazama miti.

Mweka hazina alikuwa mama mmoja mnene mchangamfu waliyemwita Mama Bomba, kwa kuwa wakati pampu haina mpira yeye ndiye aliyezunguka mlima mzima na kipande cha bomba begani akitafuta kinachofanana nacho. Aliwaacha wenzake wamalize, kisha akasema, "Bibi Shamba, mimi nitakuambia, usikasirike. Ni kwa sababu hamkuja. Pampu ilipokwama tuliwasubiri. Tukasubiri tukachoka. Siku moja tukatazamana hapa tulipo, tukaona hakuna mwingine wa kuitengeneza."

"Na mkaligawa shamba."

"Tukaligawa. Tulipokuwa pamoja, kila mtu alikuwa anangoja mwenzake ashike jembe. Sasa ukichelewa, magugu ni yako na aibu ni yako."

Njia nzima kurudi Bibi Shamba alikuwa mtu mwingine. Alizungumza kwa mikono. Amelipata jibu! Watu wasitembelewe wakati wa palizi, wagawane vipande, na ofisi ijifunze kukaa mbali ili wenyewe waone kuwa kitu ni chao. Jioni ile aliandika bila kunyanyua kichwa, na asubuhi Mkurugenzi alisoma akamshika mkono kwa mikono miwili.

Furaha hiyo ilidumu siku chache. Bibi Shamba hakuwa mtu wa kuliacha jambo likiwa tamu. Akakumbuka kwamba nyuma ya mlima uleule kulikuwa na bustani yetu ya tatu, ya mfadhili mwingine, ambayo nayo ilikatwa na mvua, nayo haikutembelewa, na watu wake nao waligawana vipande. Tukaenda. Tulikuta ardhi tupu na nguzo za uzio. Mama wa kwanza tuliyemuuliza alijibu kwa uchungu, "Ilikufa kwa sababu hamkuja. Mlitutupa."

Maneno yalikuwa yaleyale. Kule kijiji cha chini yalikuwa sababu ya kuishi, huku ni sababu ya kufa. Bibi Shamba aliporudi ofisini alifuta taarifa yake yote, akavuta kiti, akakaa akitazama ukuta mpaka chai yake ikapoa. Mimi nilijaribu kumsaidia. Nikasema labda ni udongo. Akasema udongo ni mmoja. Nikasema labda ni soko. Akasema soko ni lilelile, siku ni ileile. Nikasema labda ni Mama Bomba. Akafikiri sana juu ya hilo, kisha akasema huko nyuma ya mlima naye alikuwepo mama wa namna ile, hodari kuliko hata huyu, na ndiye aliyetujibu.

Mkurugenzi alirudi kuulizia zile sababu tano.

"Ninazo kumi na saba, Mkurugenzi," akamwambia. "Shida ni kwamba kila moja ina kijiji kinachoikanusha."

Mkutano na mfadhili ulifanyika kwenye ukumbi wetu wa chini, ule wenye mapazia yasiyofunga vizuri. Mwakilishi wao alikuwa mama mtulivu wa miwani, aliyekaa mbele na kalamu mkononi. Wengine wote walionyesha picha ukutani. Zamu ya Bibi Shamba ilipofika, alisimama mikono mitupu, na nilimwona Mkurugenzi akifumba macho.

"Sijui kwa nini bustani ya chini inaishi," akaanza. "Nimewauliza wenyewe, nao hawakubaliani. Najua mambo machache yanayoua bustani, kwa sababu tumeyafanya sisi. Tulipeleka wageni wakati wa palizi. Tulinunua pampu ambayo kipuri chake hakipatikani kwenye soko wanaloweza kufika kwa miguu. Tuliwaandikia katiba kabla hawajagombana, kwa hiyo walipogombana haikuwafaa kitu. Hayo tunaweza kuacha kuyafanya. Yaliyobaki siyajui, na nikisema nayajua, tutakwenda kuwafanyia watu wa vijiji ishirini jambo ambalo hata sisi hatulielewi."

Akakaa. Mama wa miwani aliuliza swali moja tu, kama ana hakika hataki kuongeza lolote. Bibi Shamba akasema angependa sana kuongeza, lakini hana. Mgeni akafunga kalamu yake, akashukuru, akaondoka, na kwa miezi mitatu hatukusikia neno.

Miezi hiyo haikuwa mizuri. Mhasibu alikuwa anampita Bibi Shamba kwenye ngazi bila salamu. Kuna aliyesema wazi kwamba mtu aliyebakiza miaka michache kustaafu hana haki ya kuwachezea wenzake mkate. Yeye alikuja kazini kila siku kwa saa yake, akasalimia kila mtu kwa jina, wenye kuitika wakaitika. Mara moja tu aliniuliza, "Nimekosea?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Hata mimi."

Jibu lilipokuja halikumfurahisha mtu yeyote moja kwa moja. Awamu ya pili ilikubaliwa, lakini kwa vijiji vinane, si ishirini. Wenzetu wawili hawakuongezewa mikataba, na Bibi Shamba aliwaendea nyumbani mmoja mmoja. Walichozungumza wanakijua wao. Masharti yalikuwa mapya: hakuna wageni wakati wa palizi, kila kikundi kijiamulie namna ya kugawana ardhi, na pampu wachague wenyewe kwenye soko lao.

Msomaji anataka kujua kama ilifaa. Nami nataka. Kati ya vile vinane, bustani tano zinaishi na mbili zimekufa. Ya nane sijui niiweke wapi. Watu wake waliacha mboga, wakatumia maji ya mradi kufyatua matofali, na wanafanya vizuri kuliko wote, wameshaezeka shule. Kwenye fomu ya tathmini palipoulizwa kama mradi umefanikiwa au haukufanikiwa, Bibi Shamba aliandika: "Ndiyo."

Kuhusu dada yake, kwa muda mrefu walikuwa wakionana misibani tu, na kusalimiana kama majirani. Kisha asubuhi moja mlinzi alikuja chumba namba nne akicheka, akasema kuna mama yupo getini na kapu, ametuma ujumbe: "Mwiteni mdogo wangu. Mwambieni nimekuja bila mgeni."

Nilikuwa dirishani. Walikaa kwenye benchi la mlinzi mpaka saa ya chakula. Hawakukumbatiana wala kuombana radhi, angalau si kwa namna niliyoiona. Dada alitoa miche ya vitunguu kapuni, imesinyaa, akauliza ina ugonjwa gani. Msimu huo Bibi Shamba alichukua likizo, akaenda kijiji cha juu kwa basi, bila fulana ya shirika, wakapalilia pamoja. Sasa nyuma ya nyumba ya dada kuna vitunguu, na majirani wanne wamelima kama yeye. Hakuna kamati wala kibao. Nilipomuuliza Bibi Shamba kama tuwaandike kuwa ni matunda ya mradi, alinitazama juu ya miwani na kusema, "Usithubutu."

Mumewe, fundi seremala, ametuambia anafurahi kwamba mke wake anarudi nyumbani, isipokuwa anaogopa kutathminiwa. Wajukuu wamemwandalia kiti barazani, ambacho nina hakika hatakikalia.

Kwa sherehe ya kumuaga, Mkurugenzi aliagiza kijiji cha chini wapelekewe gari, waje na waketi meza ya mbele. Mama Bomba alipiga simu jana, akaomba azungumze na mhusika, nikapewa mimi. "Siku hiyo ni zamu yetu ya maji, tunamwagilia," akasema. "Mwambieni Bibi Shamba tunampenda sana, lakini hatuji." Mkurugenzi alisononeka. Mimi nilikwenda kumpa ujumbe nikiwa natafuta maneno laini. Bibi Shamba aliweka kikombe chini, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kiwiko cha sweta, akasema tangu aajiriwe hajawahi kupewa zawadi kama hiyo.

"Wana kazi yao," akaniambia. "Huoni? Wana kazi yao."

Bibi Shamba, kwa niaba ya wafanyakazi wote, pamoja na mhasibu ambaye siku hizi ndiye anayekuwekea chai, tunasema asante. Asante kwa miaka yako, kwa kutokuona haya kusema hujui, na kwa kutuacha na maswali ambayo angalau ni ya kweli. Upumzike vizuri, afya ikukae, nyumba yako ijae watu uwapendao. Na kila tutakapokualika kwenye hafla za ofisi hii, tunakuombea siku hiyo uwe na zamu ya maji.